Droni Nyumbani: Mtoto Aanzie Wapi?



Likizo zinapokaribia, swali moja hutufikia kwa kina mama mara kwa mara: mtoto ameshikilia anataka droni, je, anunuliwe? Anayeuliza huwa ameona bei dukani, ameona na picha za harusi zilizopigwa kutoka juu, akadhani kwamba jambo lote ni kununua kamera inayoruka. Sisi twaona kamera ndiyo ya kuja mwisho, na pengine isije kabisa. Lenye manufaa kwa mtoto ni kuiunda ndege yenyewe kwa mikono yake, kisha akajifunza kuituliza hewani. Kazi hiyo yaweza kuanzwa ukumbini, chini ya dari, pasi na kumbughudhi jirani.

Droni ya kawaida ina mota nne, na kila mota ina rafadha yake, mfano wa pangaboi ndogo inayosukuma hewa chini. Rafadha mbili huzunguka upande wa akrabu za saa na mbili kinyume chake. Lau zote zingefuata upande mmoja, chombo kizima kingejizungusha kama pia. Hakina usukani wala mkia. Kikitakiwa kwenda mbele, mota za nyuma huongeza kasi na za mbele hupunguza, nacho kikainama na kusogea. Mwenye kuamua hayo, mara maelfu kwa sekunde moja, ni kibao kidogo cha elektroniki chenye kihisi cha mwinamo, ambacho hupokea amri za rimoti na kuzigawa kwa mota. Binti anayesoma fizikia ya sekondari ataziona hapa sheria za Newton zikifanya kazi mbele ya macho yake. Tumesema binti kwa makusudi. Katika nyumba zetu nyingi chombo kama hiki hununuliwa kwa jina la kaka, naye dada mwenye mkono mtulivu na subira ya kufuata mchoro wa nyaya akaambiwa akatazame chungu.

Kabla ya kununua chombo, inunuliwe rimoti. Rimoti nyingi za siku hizi huunganishwa na kompyuta, mtoto akarusha droni ya kwenye skrini na kuivunja apendavyo bila ya hasara. Saa 10 za mazoezi hayo si nyingi. Kigumu kuliko vyote ni pale ndege inapomgeukia mrushaji uso kwa uso: kulia kwake kunakuwa kushoto, na vidole hukataa kutii. Afadhali akili izoee hilo kwenye skrini.

Kisha chaguliwe chombo kidogo kabisa. Ziko fremu za milimita 65, tukipima kutoka mota hadi mota kwa mshazari, ambazo uzito wake pamoja na vyombo vyake ni gramu chache tu, na rafadha zake zimezungushiwa pete za plastiki. Kikigonga ukuta huanguka, kikaokotwa. Zile kubwa zenye rafadha za inchi 5 hazifai kwa mwanzo, kwani rafadha yake yaweza kumkata mtu kidole. Iwe ndogo au kubwa, sharti moja halina msamaha: chombo kinapopangwa na kujaribiwa mezani, rafadha ziwe zimevuliwa.

Kulehemu nyaya ndiyo kazi itakayomchosha mwanafunzi. Ajifunze kwanza kwa vipande vya waya visivyo na thamani, dirisha likiwa wazi, na anawe mikono kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa risasi ni sumu. Fundi wa simu mtaani aweza kumfunza katika alasiri mbili tatu.

Betri ndiyo tunayoihofia zaidi. Betri hizi za lithiamu zikijaa hufika volti 4.2 kwa kila seli. Zikizidishwa chaji, zikitobolewa au zikivimba, huweza kuwaka moto mkali. Zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mikeka na mapazia, na mtu mzima awe macho. Usiku watu wakiwa wamelala, isichajiwe hata moja.

Nje ya nyumba kuna mambo mengine. Upepo wa kusi hukichukua chombo cha gramu 30 kama unyoya, na hewa ya chumvi hula mota. Tena iko sheria. Kwa kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, mmiliki awe ametimiza miaka 18, na kuingiza chombo kutoka nje kunahitaji kibali. Hairushwi juu zaidi ya futi 400, wala ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege bila ya idhini. Hebu tutazame miji yetu: kiwanja cha Lamu kiko Manda, ng'ambo tu ya mji, cha Malindi kiko jirani na mji, na sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imo ndani ya masafa hayo. Basi mzazi aiulize Mamlaka kabla ya kulipa, na kabla ya kuagiza hata vipande.

Hata sheria ikiruhusu, ruhusa ya jirani ni nyingine. Wazee wetu walipojenga nyumba za mawe, waliweka daka mbele na kupinda njia ya kuingilia ili apitaye asione kiwanda cha ndani. Mama aliyepanda darini kuanika nguo, kichwa wazi, ametegemea kuta hizo. Kamera inayoelea juu yake huzibatilisha zote kwa dakika moja, na picha ikishaingia simuni mwa kijana haina mwenyewe tena. Surat an-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Hatuoni kwamba anayeingia kwa jicho, kupitia angani, amesamehewa. Katiba nayo, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu.

Ndiyo maana twapendelea chombo cha kujiundia. Aunganishaye vipande mwenyewe ana hiari ya kuiacha kamera, akakifuata chombo kwa macho yake mawili. Kipande hicho kisipofungwa, ndege huwa nyepesi, na betri ikadumu hewani kidogo zaidi.