AFYA NYUMBANI: Muguu umepasuliwa, tiketi imenunuliwa



Juma lililopita, kisha mukutano wa likelemba, mama mumoja wa Mususa alibakia nyuma akiegemea magongo yake. Pikipiki ilimuangusha, mufupa ukavunjika chini ya goti, waganga wakamupasua na kumutia chuma. Siku 12 tu zilikuwa zimepita. Binti yake anaolewa Kinshasa, watoto wamechanga dola za tiketi, na ndege inaondoka Mavivi kisha siku tano. Akatuuliza: «Niende ao nibakie?»

Majibu yakawa mengi. Mumoja akasema ndege ni salama kuliko barabara kwa sababu haitikisi. Mwingine akasema ndege inafungua kidonda. Tulikuwa tunaangalia ndege, lakini jambo la kuogopa liko ndani ya muguu.

Mutu akipasuliwa muguu, mishipa imeumia, na muguu hauchezi kama zamani. Damu inatembea polepole, na inaweza kuganda ndani ya mushipa. Bonge hilo likikatika, linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Hapo mutu anaweza kufa kwa muda mufupi, hata kama kidonda chake kilikuwa kinapona vizuri.

Kukaa bila kucheza miguu kunaongeza hatari hiyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba safari ya masaa 4 ao zaidi inaongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili. Na si ndege tu: gari, bisi na treni ni vilevile. Kwa mutu muzima hatari inabakia ndogo, karibu mutu 1 kwa 6,000. Lakini mutu aliyepasuliwa juzi haanzi safari akiwa sawa na huyo muzima.

Sisi wanawake tuna mambo yetu ya kuongeza katika hesabu: mimba, majuma 6 ya kwanza kisha kuzaa, na aina fulani za vidonge vya kupanga uzazi. Pia kama wewe ao ndugu wa damu alishapata ugonjwa huu. Munganga wa mifupa hawezi kujua kama hatumuambii.

Tuhesabu vizuri na masaa. Kwa mutu wa Butembo, safari ya ndege haianzie Mavivi. Inaanzia barabarani, kilometre zaidi ya 50 mpaka Beni, kisha kungojea kiwanjani, na ndege inaweza kuchelewa. Tangu kiwanja cha Goma kilipofungwa mwisho wa Januari 2025, wengine wanapitia Kasindi ili wakamate ndege Entebbe. Hao wanakaa katika gari masaa mengi mbele hata ya kuona ndege. Uhesabu yote, kutoka mulango wa nyumba yako mpaka mulango wa unayemutembelea.

Kuna pia plasta. Muguu unaweza kuvimba katika ndege, na plasta mupya iliyofunga pande zote itaubana. Kwa hiyo makampuni mengi ya ndege yanaomba plasta iwe na masaa 48, ao ipasuliwe kwa urefu. Mengi yanaomba pia karatasi ya munganga. Na mwenye plasta hawekwi karibu na mulango wa hatari.

Je, ni siku ngapi za kungojea? Hakuna hesabu moja ya watu wote. Kwa upasuaji mukubwa, kama kubadilisha nyonga ao goti, waganga wengi wanaomba majuma 6 kwa safari fupi, na karibu miezi 3 kwa safari ndefu. Kwa upasuaji mudogo inaweza kuwa siku chache. Aliyekupasua ndiye anajua. Umuulize maswali haya mane:

1. Upasuaji wangu ni wa namna gani, na hatari ya damu kuganda ni kubwa kiasi gani kwangu?
2. Je, ninahitaji sindano ao vidonge vya kuzuia damu kuganda, na mpaka siku gani?
3. Nilipoteza damu nyingi? Hewa ndani ya ndege inaweza kuwa kama ya mulima wa metre 2,400, na mwenye damu kidogo anaweza kuchoka sana.
4. Nani ataangalia kidonda na kutoa nyuzi kule ninakoenda?

Akikuruhusu, ukunje na kukunjua kifundo cha muguu mara kwa mara, utembee kidogo kama inawezekana, unywe maji. Usimeze aspirini kwa akili yako mwenyewe ukifikiri inatosha. Na muguu ukivimba, usimupe mutu aukande. Wengi wetu tunakimbilia kukanda, lakini kukanda kunaweza kusukuma bonge la damu.

Alama za kukimbiza mutu hospitali, hata majuma mengi kisha safari: muguu mumoja unavimba, unauma ao unakuwa moto, pumzi inakatika, kifua kinauma, anakohoa damu. Usingojee asubuhi.

Mama wetu alienda kuuliza. Munganga akamuambia asisafiri sasa. Alilia, tusifiche. Tiketi imesukumwa mbele, na kulikuwa na malipo ya kuongeza. Mama mudogo wa bibi-arusi ndiye atasimama pahali pake, na yeye atabariki mutoto kwa simu akiwa kitini, muguu umeinuliwa. Ataenda Kinshasa wakati mwingine, akitembea mwenyewe.

Siku nyingine, tukichanga dola za safari ya mutu aliyepasuliwa, tuanze na maswali mane. Tiketi ifuate.