Kampemba: «Yatatoka tu» haiko dawa ya taya la mtoto

Katika komini ya Kampemba, tangu Bel-Air hadi Bongonga, wazazi wengi wako na jibu moja juu ya meno ya mtoto: «Ni meno ya maziwa, yatatoka tu.» Jibu hilo linaharibu sura za watoto.

Ni kweli, yale meno 20 yanatoka. Lakini taya halitoki. Kuna mtoto ambaye taya lake la juu ni jembamba kuliko la chini. Akifunga kinywa, meno yanagongana vibaya; ili apate fasi ya kuuma, anasukuma taya la chini pembeni. Anafanya vile kwa kila tonge la bukari, pasipo kujua. Misuli inazoea. Mifupa ingali inakomaa, nayo inaweza kufuata: upande mmoja ukapita mwingine. Meno makubwa ya nyuma yakiota, karibu miaka 6, mara nyingi yanakuta njia ile ile mbovu.

Kuona jambo hili hakuombi mashini. Mtoto asimame mbele ya mzazi, afungue kinywa, kisha afunge polepole mpaka aume. Kidevu kikikimbilia upande mmoja, apelekwe kwa munganga wa meno. Na yule wa miaka 4 anayenyonya kidole asichekwe. Kidole kile kinaweza kupunguza upana wa taya la juu. (Kumpaka pilipili ku kidole ni kumtesa bure.)

Lakini kosa haliko la wazazi peke yao. Mtoto wa Kampemba anapimwa kilo, anachanjwa, anaandikwa ku masomo. Kinywa chake nani anaangalia? Mwaka 2022 nchi za Shirika la Afya Duniani, OMS, Kongo ikiwa moja yao, zilipitisha mpango wa afya ya kinywa. Tangu 2019 masomo ya msingi ni bure. Watoto wako pale pale, kalasi zimejaa.

Wengine watasema munganga wa meno anaomba franga nyingi. Sawa, na wanganga wale ni wachache. Ila kuangalia hakuna bei. Kwa mtoto mdogo, wakati mwingine munganga anasugua tu ncha ya jino la maziwa linalosukuma taya, ao anaweka kifaa cha kupanua taya la juu. Akingojewa mpaka miaka 18, mifupa imekwisha kukomaa, na inaweza kuomba upasuaji.

Basi infirmie aongeze dakika moja siku ya kupima kilo, mwalimu wa kalasi ya kwanza afanye vile Septemba, na burgmestre aombe ripoti.