NANI ALIMWAMBIA KIJANA WA MAJENGO KUWA AMEBALEGHE?

 

Ndugu msomaji, hapa Majengo, Mpanda, yupo kijana ambaye jina lake hatutalitaja, kwani lengo letu si kumfedhehesha yeye wala wazazi wake. Alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba akiwa na umri wa miaka 17. Kama ilivyo kwa wanafunzi wengine wa nchi hii, baada ya hapo hakuwa na pa kwenda. Matokeo hutoka Januari, na anayechaguliwa kuendelea na kidato cha tano huanza masomo Julai. Ni miezi minane! Miezi ya mvua aliimaliza barazani, simu mkononi na nyimbo masikioni. Mvua zilipokatika na njia zikapitika, akapanda nyuma ya lori lililobeba vyombo vya muziki, akaondoka nalo. Kiangazi chote alikuwa huko: Sumbawanga, Kigoma, Tabora, kisha akarejea hapa hapa Mpanda, siku lori hilo lilipoleta tamasha katika Uwanja wa Azimio. Alikuwa amechaguliwa kidato cha tano. Hakuripoti.

Tumekaa naye zaidi ya mara moja baada ya Isha, wala hatukumwita ili tumkaripie. Tulitaka kujua. Anasema mwanzoni alikuwa kuli tu, akibeba maboksi ya spika. Baadaye wakamfundisha kukunja nyaya zisikatike ndani kwa ndani, na kufikia Agosti alikuwa akiachiwa meza ya sauti waimbaji wadogo wanapotangulia jukwaani. Alipewa ujira wake mkononi, wa kwanza katika maisha yake. Wiki za mwanzo aliswali. Kisha Fajri ikawa inamkuta akikunja nyaya, halafu ikawa inamkuta amelala, halafu akaacha kuihesabu. Hayo yote alituambia bila kuficha. Ila lililotukosesha usingizi ni neno moja alilolisema kwa utulivu kabisa: "Kule ndiko waliponiambia kuwa mimi ni mtu mzima."

Ijumaa iliyofuata baada ya tamasha, khatibu wetu alilizungumzia suala hilo kwa dakika zisizozidi kumi. Alisema muziki ni haramu, vijana wamepotea, na akaomba dua. Hatuna nia ya kulegeza hukumu. Jamhuri ya wanavyuoni wameharamisha ala za muziki, na miongoni mwa hoja zao ni hadithi iliyopokelewa na Bukhari juu ya watu watakaozihalalisha. Tunafahamu pia kuwa Ibn Hazm alikuwa na rai nyingine, na kila mwenye kusoma vitabu anaijua khitilafu hiyo. Lakini hebu tujiulize kwa uadilifu: huyu kijana alifuata muziki peke yake? Muziki alikuwa nao kwenye simu, bure, chumbani mwake. Kilichompandisha lorini ni kitu kingine, na kitu hicho alikuwa na haki ya kukipata kwetu.

Katika Uislamu utu uzima una mlango unaojulikana. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe. Siku alama za baleghe zinapodhihiri, kalamu inaanza kuandika, na aliyekuwa mtoto jana leo ni mukallaf, mwenye kuulizwa juu ya swala yake, saumu yake na mali yake. Kijana wetu alibaleghe akiwa na miaka 14 hivi. Nani alimwambia? Baba yake, ambaye ni mtu mwema na hakosi safu ya kwanza, anakiri kuwa aliona haya. Ustadhi wa madrasa anasema mtoto alikuwa ameshakhitimu msahafu miaka miwili kabla, pilau ikaliwa, na tangu hapo hakumwona tena. Kamati ya msikiti haikuwa na habari kwamba jambo kama hilo ni la kamati.

Ibn Umar (r.a.) amesimulia, na kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim, kwamba alipokuwa na miaka 14 alijitokeza mbele ya Mtume (s.a.w.) siku ya Uhud ili aende vitani, akakataliwa. Siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, akajitokeza tena na akakubaliwa. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Yule kijana alitazamwa. Kiongozi wa umma mzima alimwangalia mtoto wa miaka 14 usoni, akamwambia bado. Akamwangalia tena mwaka mwingine, akampa nafasi safuni. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa kuwajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao uongofu wa akili wawakabidhi mali zao. Kwa hiyo kubaleghe peke yake hakutoshi. Pana kupevuka kwa mwili na pana rushdi, na baina ya mawili hayo pana kazi ya mtu mzima anayejaribu, anayepima, anayekabidhi kidogo kidogo. Mwenye lori aliifanya kazi hiyo, japo kwa faida yake mwenyewe: kwanza maboksi, kisha nyaya, kisha meza ya sauti. Sisi tuliofundishwa utaratibu huo tangu Madina tulimkabidhi nini? Tulimkabidhi viatu vya wazee avipange mlangoni.

Wapo watakaosema tunawatetea waandaaji wa matamasha. Hasha! Hao tunawajua vizuri. Haikuwa sadfa lori kuja kiangazi. Linakuja mpunga ukishavunwa, mahindi yakishaingia ghalani na tumbaku ikianza kulipwa, fedha zikiwa bado mifukoni mwa wakulima na watoto wao. Linakuja na mabango ya pombe, kwa kiingilio kinachokaribia bei ya debe la mahindi, na mlangoni anaulizwa tiketi, haulizwi umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Usiku ule wa Azimio tuliwaona kwa macho yetu wasichana waliovaa sare za shule asubuhi yake. Na mkoa wetu huu si wa kufanyiwa mzaha katika jambo hili: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi iliongoza nchi nzima, asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au wana mimba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Hatusemi kuwa matamasha ndiyo yaliyoleta hali hiyo. Ndoa za mapema zimo, umaskini umo, umbali wa shule umo. Tunasema tu kwamba mwenye kuleta shughuli ya usiku kucha mahali penye hali kama hiyo, pasipo kumuuliza mtoto umri wake, anajua anachokifanya.

Lakini ole wetu tukiishia kumnyooshea kidole mwenye lori. Ndugu zetu wa Tabora, ambao reli yetu inapita kwao, hawawezi kuisahau Idd ya mwaka 2008. Siku hiyo, tarehe 1 Oktoba, watoto wapatao 20 walikufa kwa msongamano na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko. Wengi walikuwa wadogo hata baleghe hawajaifikia, wamevaa nguo mpya za Idd walizonunuliwa na wazazi wao. Tangu hapo, kila sikukuu inapokaribia, polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kupiga marufuku disko toto. Ni sawa. Ila polisi kazi yao ni kufunga mlango wa ukumbi. Kufungua mlango wa msikiti ni kazi ya nani? Watoto wale walikuwa wakisherehekea Idd, sikukuu yetu sisi. Asubuhi tuliwapa khutba, mchana tukawapa pilau, na alasiri tukawakodisha kwa mwenye ukumbi.

Na hali haikuwa hivyo Madina. Imepokelewa katika sahihi mbili kwamba siku ya Idd vijakazi wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.). Abubakar (r.a.) alipowakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, kwani kila kaumu ina Idd yake. Imepokelewa vilevile kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume, naye akamsitiri Bibi Aisha huku akiwatazama, wala hakumharakisha mpaka alipochoka mwenyewe. Bibi Aisha alipoisimulia habari hiyo aliwataka watu wazingatie jinsi msichana mwenye umri mdogo anavyopenda michezo. Sasa tazama msikiti wetu siku ya Idd baada ya adhuhuri. Umefungwa kwa kufuli.

Kuna wazee wetu ambao hupandwa na hasira wakisikia bongo fleva, wakasema ni muziki wa wahuni. Baadhi yao tuliwaona mwezi huo huo kwenye harusi, wakitunza taarabu mpaka alfajiri. Wanasema taarabu ni utamaduni wetu. Kwani kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa Unguja mwaka 1905 hakikuwa cha vijana? Akifika mzee na noti mkononi kwenye taarabu, kisha Ijumaa akamlaani mtoto aliyefuata lori, mtoto ataelewa kuwa hasira ile haina uhusiano na dini. Na ameshaelewa. Alituuliza suala hilo hilo, na sisi, kwa aibu, tulinywa chai.

Wengine wanatamani jando irudi. Sisi hatuitaki pamoja na matusi yake na mambo yake ya kishirikina. Lakini waliokuwa wakiiendesha walijua jambo ambalo sisi wenye vitabu tumelisahau, kwamba kijana asipotangaziwa na wakubwa zake kuwa amekua, atatafuta wa kumtangazia. Serikali nayo haiwezi kutusaidia hapo. Kwa sheria moja ni mtoto mpaka 18. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zikasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wanasheria wabishane. Kijana wa Majengo amekaa barazani miezi minane, na hakuna sheria itakayokuja kukaa naye.

Tumemshauri baba yake waende wote shuleni wakaulize kama nafasi ingali ipo, na ikiwa haipo, waangalie chuo cha ufundi, kwani mikono yake imeshaonyesha inataka nini. Tumeiomba pia kamati iwaandike vijana wote wa Majengo watakaofanya mtihani Novemba hii, na kila mmoja apewe mzee mmoja na kazi moja ya kweli, yenye hesabu ya kutolewa, kabla mvua hazijakatika na lori halijarudi.

Kuna jambo moja limetokea wakati tukiandika. Kipaza sauti cha msikiti wetu kilikuwa kimeharibika tangu Ramadhani, na muadhini amekuwa akipanda juu ya ngazi kutoa adhana kwa sauti yake. Wiki iliyopita kijana huyo alikuja baada ya Maghrib, akakifungua, akakuta waya umeachia. Akapasha msumari kwenye mkaa, akauchomea kwa risasi. Isha ya siku hiyo ilisikika hadi Makanyagio. Na alibaki, akaswali nasi. Asubuhi yake mjumbe mmoja wa kamati alilalamika kuwa si sawa vyombo vya msikiti kushikwa na mikono iliyotoka kwenye muziki, akafunga kabati.

Tumemwandikia mjumbe huyo barua kwa heshima zote, tukimkumbusha yale ya Ibn Umar. Hadi tunakwenda mitamboni hajajibu, na ufunguo wa kabati ungali mfukoni mwake.