Picha si Kichwa: Kipimo Kihakikiwe Kabla ya Kisu

Kila siku katika kituo cha mpakani Busia, afisa wa uhamiaji hupokea pasipoti, akaitazama picha, kisha akainua macho kuutazama uso wa msafiri. Viwili hivyo visipowiana, safari huishia hapo. Kazi hiyo ya kuoanisha picha na uso hufanywa pia katika vyumba vya kisasa vya upasuaji wa ubongo. Tofauti ni kwamba msafiri aliyepitishwa kimakosa aweza kurudishwa; fuvu lililotobolewa mahali pasipo pake halina marejeo.

Jambo hili si la wakazi wa miji mikuu peke yao. Ni katika mpaka huu wetu, Busia na Malaba, ambapo bodaboda ilipata jina lake. Nani katika Matayos asiyemjua kijana aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa? Wanaohitaji mpasuaji wa ubongo mara nyingi hupelekwa mbali, hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, au hata Nairobi. Basi ni haki yetu kuuliza: mtambo unaomwongoza daktari ndani ya kichwa cha mtoto wetu umejuaje kichwa hicho kiko wapi?

Jawabu ni kwamba mtambo haujui, huambiwa. Kabla ya upasuaji mgonjwa hupigwa picha za kichwa, kipande kwa kipande, na kompyuta huziunganisha ziwe umbo kamili. Siku ya upasuaji, kichwa hukazwa kwenye kibano, na kamera hufuatilia alama zilizofungwa kando yake. Kisha daktari hupitisha kijiti maalum juu ya ngozi ya paji la uso, pua na kingo za macho, huku kompyuta ikikusanya nukta nyingi. Kwa hesabu ya aina ile iliyochapishwa na Paul Besl na Neil McKay mwaka 1992, nukta hizo husogezwa na kuzungushwa hatua kwa hatua hadi zilale juu ya uso ulio pichani.

Hapo ndipo penye mtego. Mtambo ukimaliza huonyesha tarakimu ndogo, na mtazamaji hudhani mambo yametengenea. Tarakimu hiyo yaeleza tu jinsi nukta zilivyoafikiana na ngozi ya uso. Haitoi hakikisho lolote juu ya uvimbe ulio ndani. Mwanafunzi wa sekondari aweza kujithibitishia kwa hesabu. Uoanishaji ukipinda kwa digrii moja tu puani, kosa litokealo sentimita 10 ndani ya kichwa ni karibu milimita 1.7, kisogoni, sentimita 18 hivi kutoka puani, ni zaidi ya milimita 3. Katika ubongo, milimita 3 zaweza kuwa ndizo umbali uliopo kati ya uvimbe na mshipa mkubwa wa damu.

Isitoshe, ngozi si jiwe la mpaka. Huvimba baada ya ajali, huvutwa na plasta, hulegea mgonjwa alazwapo kifudifudi, na hubonyea kijiti kikikandamizwa.

Tiba ya kasoro hii yajulikana, na sehemu yake kubwa haidai fedha nyingi. Picha zipigwe kwa vipande vyembamba, vya milimita 1 au chini yake. Nukta zikusanywe katika eneo pana, pande zote mbili, penye mfupa ulio karibu na ngozi, wala si mashavuni. Kijiti kiguse, kisikandamize. Kisha, na hili ndilo kubwa, kabla ya kushika kisu daktari aguse mahali anapopajua vyema ambapo hapakutumiwa katika kuoanisha, mathalani kwenye tundu la sikio, aone kama kioo chaonyesha pale pale. Pasipolingana, kazi ianzwe upya. Na fuvu likishafunguliwa, akumbuke kwamba ubongo husogea, ilhali picha haisogei.

Watakuwapo watakaosema kwamba dharura haingoji vipimo. Tukumbuke yaliyoripotiwa kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta mwaka 2018. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganywa, kikafunguliwa kichwa cha mtu asiyehitaji upasuaji. Bonge la damu lililotafutwa halikuonekana. Hilo halikuwa kosa la mtambo, lakini funzo ni lile lile: picha ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yake.

Kwa hiyo serikali ya kitaifa na zile za kaunti zinaponunua mitambo ya aina hii, mkataba usiishie kwenye chuma na kioo. Utaje mafunzo ya wanaoitumia, ukaguzi wa mara kwa mara, na daftari la makosa yaliyopimwa kwa kila mgonjwa.

Nanyi walimu, kazi hii yaanzia kwenu. Mwanafunzi anayeandika jibu la kipimo bila kutaja kiasi cha kosa lake amesema nusu ya kweli, na huenda siku moja nusu hiyo ikaingia naye katika chumba cha upasuaji. Wahenga walisema ajali haina kinga. Kosa la kipimo lina kinga, nayo ni kupima tena.