Wanafunzi wawasomee wazee, wasisake alama tu

MTAALA wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi wahudumie jamii. Aghalabu huduma hiyo huishia katika kuokota taka na kupanda miche, ilhali ipo kazi isiyogharimu chochote: kuwasomea wazee kwa sauti.

Marehemu Kimani Maruge alipojiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alitamani kujisomea Biblia. Wengi wa rika lake hawakuipata fursa hiyo. Waliosoma nao, macho yamefifia. Hata anayepokea Sh2,000 kila mwezi za Inua Jamii huenda akategemea tetesi za sokoni kujua serikali imetangaza nini.

Mwanafunzi naye hufaidi. Akisoma kwa pupa, mzee atamtaka arudie; hivyo hujifunza kutamka na kutua panapofaa.

Hata hivyo, walimu waandamane nao, na hati za ardhi na barua za hospitali waachiwe jamaa waaminifu.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika masuala ya jamii. Watashirikije iwapo hawajui yaliyoandikwa?