Bomba la Dawa Mgongoni

Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba katika Nyanda za Juu Kusini, mabomba ya kupulizia dawa hutolewa ghalani. Viazi vya Uporoto na Umalila huko Mbeya, nyanya za Ilula mkoani Iringa, na mahindi ambayo tangu mwaka 2017 yaandamwa na viwavijeshi vamizi, vyote hungojea mtu mwenye bomba mgongoni. Na kwa kuwa ukungu wa viazi hustawi penye baridi na unyevu, mkulima wa milimani hulazimika kupiga dawa mara nyingi katika msimu mmoja. Mwezi huu twapenda kusema na wazazi na vijana juu ya kazi hiyo, maana bomba hilo huvaliwa kama nguo, na linapovuja huumiza kabla ya mvaaji kutambua.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi sote huita kitu hiki dawa, na kwa ajili ya jina hilo wengine hukiweka kabatini pamoja na dawa za homa. Lakini kilichomo ni sumu ya wadudu au ya ukungu. Watu wengi hudhani kwamba sumu hiyo humdhuru mtu kwa kuvutwa puani tu, kwa hiyo hujifunga kitambaa usoni na kuona kuwa wamekwisha kujikinga. Kitambaa hakizuii mvuke wa sumu. Tena katika kazi ya kupulizia, njia kubwa ya sumu kuingia mwilini ni ngozi: ya mikono, ya mgongo, na zaidi ile laini ya kinenani. Baridi ya kwetu huzidisha hatari hiyo, kwa sababu mtu huvaa sweta au koti zito, nalo hunywa dawa na kuigandamiza mwilini kutwa nzima.

Basi, kabla ya kutia dawa, jaza bomba maji safi matupu, ulifunge, ulivae, ulipige dakika chache. Ukihisi unyevu mgongoni, mpira wa kifuniko umekwisha au tangi lina ufa. Haifai kulitumia mpaka litengenezwe. Bomba la lita 16 likijaa huwa na maji ya kilo 16, mbali na uzito wake lenyewe. Kwa hiyo liweke juu ya kitu kilichoinuka, uingize mikono yote miwili katika mikanda, ukaze mpaka likushike vizuri, ndipo usimame kwa nguvu za miguu. Kijana asiyelimudu likiwa limejaa, na alijaze nusu. Kulivaa begani kwa mkanda mmoja humpinda mgongo na kumwagia dawa kila ainamapo.

Vaa shati la mikono mirefu, suruali iliyoshuka juu ya buti za mpira, glavu za mpira, na miwani ya kukinga macho. Wakati wa kuchanganya ndipo sumu huwa kali kuliko wakati wote, kwa hiyo usikoroge kwa mkono. Piga asubuhi mapema au jioni, upepo unapotulia, na uende kwa namna ambayo upepo utaipeleka dawa mbali nawe, usipite kwenye majani uliyokwisha kuyalowesha. Nozeli ikiziba, isafishe kwa maji na mswaki wa zamani. Usiipulize kwa mdomo kamwe.

Yako pia mabomba ya injini, yapulizayo kwa nguvu ya upepo, kama yale ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupulizia salfa. Atakayelivaa hilo kwenye miti ya kahawa au parachichi na azibe masikio kwa ajili ya kelele, azime injini na kuiacha ipoe kabla ya kutia petroli.

Kazi ikiisha, bado nyumba yote imo hatarini. Kutawadha huosha viungo vichache, na sumu huweza kuwa mgongoni na mapajani. Kwa hiyo yampasa mpulizaji aoge mwili mzima kwa sabuni na kubadili nguo kabla hajala, hajaenda msikitini, wala hajambeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na afuaye avae glavu. Bomba lisioshwe mtoni. Ruaha Mdogo upitao Iringa huwafikia watu wengine chini. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe bombani, kisha itobolewe isije ikatiwa mafuta au maziwa.

Mtu akipata kizunguzungu, jasho jingi, mate mengi, kutapika au kutetemeka, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa ya dawa ili mganga aisome. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa ngozi, na kungoja yafanye kazi ni kupoteza saa ya kumwokoa.

Sheria ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo husajili dawa hizi. Nunua iliyosajiliwa, yenye karatasi yake, ukatazame rangi ya utepe: mwekundu ni wa sumu kali kuliko zote.

Mwisho twasema na wenye mashamba. Kijana alipwaye kwa hesabu ya mabomba huharakisha, wala hathubutu kusema kwamba bomba ulilompa linavuja. Mwili wake ni amana mikononi mwako kwa siku ile. Mpe bomba zima, mpe glavu, mpe maji na sabuni ya kuogea, kisha ndipo umwonyeshe shamba.