Chinsaga na Bordeaux haviketi meza moja

Desemba ikifika na jamaa zetu wa Minnesota wakatua, hapa Kebirigo hakuna karamu ya mahari inayokosa chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Huwekwa katikati, kando ya obokima, ugali wa wimbi, na bakuli la mboga ya chinsaga, na kila mzee humiminiwa kidogo. Wazee huonja, hukunja uso, husifu kwa adabu, kisha huomba soda. Vijana nao hunong'onezana kwamba wazee hawajui mvinyo. Wanajua sana. Aliyekosea ni aliyepanga meza.

Sisi wachuma chai ndio tungepaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko watu wote. Chemsha majani bila maziwa, yaache yakolee robo saa, kisha unywe: ulimi unakauka, mashavu yanavutika ndani. Ukakasi huo una ndugu yake katika Bordeaux, hasa ile iliyojaa zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo maganda na mbegu zake zina tanini nyingi. Tanini hupenda kung'ang'ania protini. Kwenye chai, maziwa huidaka ingali kikombeni. Ukinywa mvinyo mtupu, hudaka protini za mate yako, na mdomo ukabaki mkavu. Ukiwa na nyama yenye mafuta mdomoni, huhangaika na nyama na kukuacha wewe.

Sasa iweke chupa hiyo mbele ya chinsaga. Mboga hii ni chungu hata ukiilaza kwenye maziwa usiku kucha, na wimbi nalo lina tanini zake. Unaongeza ukakasi juu ya uchungu, halafu unashangaa kwa nini mzee ameomba soda!

Bordeaux ingoje mbuzi, na awe wa kuchoma: ubavu ambao mafuta yake yanadondokea makaa na moshi kurudi kuuramba. Ingawa kwa ubavu huo, mimi ningechukua Syrah wa kaskazini mwa bonde la Rhône, tuseme Crozes-Hermitage. Una harufu ya pilipili manga, na haushindani na chumvi ya kuchovya.

Kuku wa kienyeji wa mchuzi na matoke ni habari nyingine. Hapo nataka Beaujolais, unaotokana na zabibu za Gamay, mwepesi, wenye tanini kidogo na uchachu wa kukata mchuzi. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake, akiiita mibovu. Ikastawi kusini, kwenye vilima vya matale vya Beaujolais. Watu wa Keroka, ambao hadi leo wanavutana kama mji wao ni wa Kisii au wa Nyamira, watanielewa nikisema mpaka unaweza kuamua hata heshima ya mmea.

Tena Beaujolais hunywewa ukiwa umepoa kidogo, nyuzi 13 hivi. Tumekaririshwa kwamba mvinyo mwekundu haupoozwi, ila joto la chumba waliloliwaza wenye kanuni hiyo ni la nyumba za mawe za Ulaya ya zamani. Chini ya mabati yetu saa nane mchana, chupa huwa vuguvugu na kileo kinakupanda puani kabla hujaonja tunda. Izamishe kwenye ndoo ya maji ya chemchemi nusu saa, hakuna haja ya friji.

Nusu ya ukoo wangu ni Waadventista wasiokunywa mvinyo, na hawa hawana ugomvi na mtu: chai yao iko kwenye chupa ya moto tangu asubuhi. Wewe unayefunga mizigo huko Minneapolis, acha Bordeaux dukani, beba Gamay ya kuku, na usiiguse chinsaga. Hiyo ina amabere amaruranu yake, maziwa ya mgando, na mama ameshayagandisha tangu juzi.